Sikufumua Hata Mshono Mmoja

Mtu wa Voi akitaka kujua filamu ipi inafaa, hawaulizi vijana wanaotembea na vipokea sauti masikioni. Anamuuliza Tryphena, fundi wa nguo nyuma ya soko, mama wa miaka hamsini na mbili ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema maisha yake yote.

Yeye mwenyewe angekwambia hatazami filamu. Anashona. Sare za shule ni kazi ya kuchosha, shati baada ya shati, kola baada ya kola, na upweke wake ndio uliomfanya aweke televisheni ndogo juu ya kabati la vitambaa ili asikie sauti za watu. Macho yalibaki kwenye sindano, masikio yakaenda na filamu. Mtu akipiga kelele humo ndani, Tryphena aliinua kichwa. Akikuta ni damu tu, aliinama tena akaendelea.

Kutokana na kazi hiyo akapata kipimo chake. Filamu ikiwa nzuri humkosesha mshono, na mshono uliokosewa hauna dawa ila kufumuliwa. Basi akawa anahesabu. Filamu ya kufumua mmoja ni ya kupitisha wakati. Ya mitatu, itafute. Ya mitano, mwite na mumeo aje muone pamoja. Maoni hayo aliyatuma kwa sauti katika grupu ya WhatsApp iitwayo Macho ya Voi, yenye watu zaidi ya mia tatu, kuanzia Mraru mpaka Bomeni kule Taveta, na wengi walikuwemo kwa ajili yake tu.

Kuhusu tamthilia moja ya maiti wanaotembea na kula watu alisema: "Dunia imeisha miaka minane, wanagombania petroli na risasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbegu za mahindi ziko wapi. Hao si maiti waliowamaliza, ni njaa. Mmoja." Kuhusu filamu ya chombo cha angani: "Wamesafiri miaka mia mbili, daktari yuko, rubani yuko, mpishi ni mashine. Hizo suti zinazobana hivyo nani anazishona? Lakini yule mama alipozungumza na mwanawe kwenye kioo, nilishona mfuko nikaufunga kabisa. Minne." Na kuhusu zimwi kubwa lililovunja mji mzima, hapo Voi ilicheka siku mbili: "Wanakimbia mbele yake wakiwa wamenyooka kama reli! Mtu aliyefukuzwa na ndovu hata mara moja hawezi kuandika upuzi huo. Sufuri."

Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na upendeleo. Filamu ya gharama au ya bure, ya ng'ambo au ya Nairobi, kwake zote zilikuwa sawa na kitambaa: kinashikika au hakishikiki.

Jumatatu moja akaja Shanice, binti wa kaka yake Mwandawiro, msichana wa miaka ishirini na moja mwenye kutembea haraka kana kwamba kuna kitu amesahau nyumbani. Akaweka flashi juu ya cherehani.

"Shangazi, hii ni yangu."

"Yako vipi?"

"Nimeishoot mwenyewe. Dakika ishirini na nane. Ni ya kutisha, na ni ya huku kwetu, Chawia. Nimebook ukumbi wa kanisa, si Jumamosi hii, ile ingine."

Tryphena akavua miwani. Shanice akaeleza mambo yalivyokuwa, na hayakuwa mepesi. Babake alikuwa amechoka kuona binti yake akizungukazunguka na kamera ya kuazima. Alikuwa ameshampatia nafasi katika chuo kimoja cha ukarani Mombasa, kinafunguliwa Jumatatu baada ya onyesho. Walikubaliana hivi: ukumbi ukijaa, Mwandawiro ataamini kwamba filamu ni kazi na atamwacha aendelee. Ukibaki mtupu, Shanice atafunga begi na hatataja tena neno kamera.

"Wewe ukisema tu kitu kizuri kwa grupu, watu watakuja. Lakini usinipendelee," Shanice akasema. "Sema ukweli. Wanajua wewe husema ukweli."

"Mimi na kupendelea wapi na wapi," Tryphena akajibu, na alikuwa hatanii.

Kesho yake asubuhi akaichomeka flashi, akachukua shati la bluu la darasa la pili, akaanza kushona mikono.

Filamu ilihusu msichana anayepanda mlimani na rafiki zake mpaka kwenye pango la mafuvu, pale vichwa vya wazee wa zamani wa Wadawida, watu wa milima hii, vilipohifadhiwa na koo zao. Msichana anapiga picha, anacheka, kisha anachukua fuvu moja na kulitia kwenye mkoba. Tangu hapo babu yake, mwenye fuvu lile, anamfuata. Haonekani. Anasikika tu, hatua zake kwenye majani makavu ya mahindi, karibu kidogo kila usiku. Shanice alikuwa ameacha muziki wote wa kutishia watu, akabakisha yale majani.

Tryphena alikosea mshono wa kwanza dakika ya sita. Wa pili alikosea bila kujua. Hatua zilipofika mlangoni na kusimama, cherehani nayo ikasimama, na alipoangalia chini akakuta ameunga mkono wa shati ndani nje, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu awe mwanafunzi wa ushonaji. Akaanza kufumua huku shingo imegeukia juu. Alijisikia fahari hata akatamani mtu apite amwambie, huyu ni wetu.

Kisha mlango ukafunguka, na babu akaonekana.

Alikuwa amevaa koti la kaki la mifuko minne, na mfuko wa juu kushoto ulikuwa umepanda kidogo kuliko mwenzake.

Tryphena alilijua koti lile kama anavyojua mkono wake. Lilikuwa la kwanza kulishona maishani, akamshonea babake aliyekuwa karani wa shamba la mkonge. Alipogundua mfuko umekwenda upande aliomba aurekebishe, na mzee akakataa, akasema, "Uache hivyo hivyo, ndio nitakaowaonyesha watu." Alilivaa kanisani miaka kumi na tisa. Alipofariki, mama alilihifadhi sandukuni, na Tryphena hakuwahi kuomba kuliona kwa sababu hakuwa na nguvu za kuliona. Sasa lilikuwa pale juu ya kabati la vitambaa, limepakwa udongo na rangi nyekundu kama damu, mkono mmoja umechanika mpaka kwapani, na aliyelivaa alikuwa akitambaa sakafuni akikoroma.

Alikasirika. Wengine wangelia kwanza, lakini kwa Tryphena hasira ndiyo iliyotangulia, ikapanda mpaka masikio yakawa moto. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna hata aliyemwambia. Saadiya wa duka la manukato jirani aliingia na kikombe cha kahawa kama kawaida yao ya saa nne, akaweka, akaangalia, akatoka. Tryphena hakumwona vizuri. Filamu ilipoisha, hakumpigia Shanice. Angempigia, yangekwisha hapo hapo. Badala yake alifungua grupu, akabonyeza alama ya kurekodi.

"Habari zenu. Ni Tryphena. Nimeona filamu ya yule msichana wetu, Shanice. Picha ni safi, siwezi kukataa. Lakini filamu ya kutisha isiyotisha ni chai ya rangi bila majani. Yule binti anakimbia tu. Babu yake mwenyewe anakuja, hata hamuulizi, babu, una shida gani? Mwisho anapanda basi anaenda Nairobi, na sisi tunabaki na babu. Sikufumua hata mshono mmoja. Mkiwa na kazi Jumamosi hiyo ya onyesho, fanyeni kazi."

Sehemu kuhusu kukimbia ilikuwa kweli, na uongo ukipata ukweli kidogo wa kuegemea husimama vizuri sana. Kaloki, fundi wa pikipiki, ndiye aliyejibu kwanza: "Asante fundi, umetuokolea siku." Wengine wakaweka vicheko. Saa moja baadaye Shanice akaandika mstari mmoja: "Onyesho limefutwa. Poleni kwa usumbufu."

Hakulalamika, hakuuliza. Aliamini. Hilo ndilo lililomsumbua Tryphena siku zilizofuata.

Wiki nzima filamu hazikumwingia. Aliweka hii, akaweka ile, akazima. Grupu ikamuuliza kuhusu tamthilia mpya ya wachawi, akasema ana kazi nyingi. Jumatano Saadiya akaja na kahawa, na safari hii hakutoka. Akavuta stuli, akapanga baibui lake magotini.

"Tryphena mwenzangu, nikuulize neno, na ukiona nimevuka mpaka, nifukuze."

"Uliza."

"Siku ile nilipokuletea kahawa, nilikukuta wafumua. Shati lilikuwa ndani nje, mkono mzima. Nikasema moyoni, leo kuna filamu! Kisha jioni nikakusikia wasema hukufumua hata mmoja." Akanyooshea televisheni kidole. "Pale juu ilikuwa ni ile ya mtoto wa ndugu yako, sivyo?"

Tryphena akaendelea kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Kisha akamweleza habari za koti. Saadiya alisikiliza mpaka mwisho, na macho yalimlowa, kwa maana yeye pia alikuwa na kanzu ya marehemu mumewe ambayo hajawahi kuigusa.

"Wallahi umeumia, sikukatalii," akasema. "Lakini hilo la koti, umemwambia yeye?"

"Hapana."

"Basi umemhukumu kwa kosa asilolijua, na mashtaka ukamsomea mengine. Twakusikiliza wewe kwa sababu huongopi. Ukiongopa, basi ni mama tu anayeshona na televisheni imewashwa."

Maneno hayo yaliingia. Jioni hiyo Tryphena alimpigia kaka yake, na Mwandawiro akamwambia kwamba Shanice yuko Chawia anamuaga nyanya yake. Jumatatu ni Mombasa. Sauti ya Mwandawiro haikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. "Nilitaka nishindwe," akasema, "nilikuwa hata nimeazima koti la suti la kuja nalo ukumbini."

Alhamisi asubuhi Tryphena akafunga kibanda na kupanda Chawia. Ukungu ulikuwa bado haujatoka kwenye mashamba, na mamake, Nyanya Wakesho, alikuwa nje ya nyumba akichagua maharagwe kwenye ungo. Kwenye kamba ya nguo lilianikwa koti la kaki. Lilikuwa limefuliwa likatakata. Mkono uliochanika ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, mshono mrefu wa mtu asiyejua, umekwenda kama njia ya mchwa, na bado ulikuwa umeshika. Tryphena alisimama akaugusa kwa kidole.

"Ameshinda nalo siku mbili," mamake akasema bila kuinua kichwa. "Nikamwambia peleka kwa shangazi yako, akasema shangazi ana kazi."

"Mama, ni nani alimpa hili koti?"

"Mimi. Alikuja kuniuliza kama babu yake alikuwa na nguo ya kizamani. Nikampa. Babako alipenda kuonekana, wewe hujui? Angekuwa hai angeigiza mwenyewe." Sasa akainua kichwa, akamtazama bintiye usoni kwa muda. "Tryphena, wewe una hasira, na umeibeba mpaka ndani ya boma langu."

Shanice alikuwa ametokea mlangoni na sufuria mkononi. Akasalimu kwa heshima, "Shikamoo shangazi," akabaki pale pale, asijue kama aje au arudi.

Nyanya Wakesho hukaa kiti cha mbele kanisani na hajakosa ibada tangu apone goti, lakini kuna mambo ambayo hakuyaacha mlangoni pa kanisa. Kwa Wadawida, hasira ya mkubwa aliyoificha moyoni haikuwa siri yake peke yake. Ilisemekana mtoto anaweza kuugua kwayo, ng'ombe akakauka, safari ikavunjika. Wala dawa yake haikuwa kumtafuta mchawi. Mwenye hasira alichukua kinywaji kinywani, akakipuliza nje, akataja maneno, na hasira ikatoka pamoja nacho. Ndiko kutasa. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Nyanya Wakesho alimtuma Shanice alete kikombe cha maji, akasema Mungu anasikia hata maji.

Tryphena hakuwa ametasa tangu akiwa msichana. Aliona haya, mama mzima, lakini kukataa mbele ya mamake kulikuwa haya kubwa zaidi. Akachukua funda, akapuliza maji chini, akasema kwa sauti ya kikao, "Shanice, nimekusamehe."

"Ngoja hapo," mamake akasema. "Umemsamehe nini?"

"Mama, lile koti..."

"Hapa hatutasi makosa ya mtu mwingine. Unatasa hasira yako. Itaje kwa jina lake, au maji yamepotea bure."

Shanice alikuwa akiangalia kutoka huyu hadi yule, sufuria bado mkononi. Tryphena akatazama kikombe. Alikuwa amepanda mlima na hotuba yake tayari, nusu ya kuomba radhi na nusu ya kulaumu, na sasa hakuna hata neno moja la hotuba ile lililofaa. Akachukua funda la pili. Maji yakaruka mbali, yakaangukia maganda ya maharagwe.

"Nilikasirika," akasema. "Niliona koti la baba, na sikuwa tayari kuliona. Nilikasirika kwa sababu wewe uliweza kulishika na mimi sikuweza." Akachukua la tatu, akapuliza. "Nilisema uongo. Niliwaambia watu mia tatu kwamba sikufumua. Nilifumua mitatu. Mkono mzima wa shati niliuunga ndani nje, Shanice. Filamu yako ilinitisha mpaka nikasahau kushona, na nikakunyima kwa makusudi. Itoke. Itoke, iende na maji."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama anavyolia mtu ambaye hakulia wakati wa mazishi. Nyanya Wakesho akarudi kwenye maharagwe yake, kwa kuwa lililobaki halikumhusu.

Shanice aliweka sufuria chini polepole. Uso wake ulipita mambo mengi, na moja lilikuwa hasira yake mwenyewe, ambayo alikuwa na haki nayo. Akachukua kikombe kutoka mkononi mwa shangazi yake, akatia funda, akapuliza kwa nguvu mno mpaka akajilowesha kidevu.

"Mimi pia nimekasirika," akasema. "Nilienda hadi nikafuta filamu kwa simu yangu. Nililia wiki nzima. Ningetaka ungenipigia tu." Akajifuta. Kisha, kana kwamba swali lilikuwa likimsubiri nyuma ya meno, akauliza, "Mitatu? Wapi hasa?"

"Wapi nini?"

"Ulikosea wapi? Dakika gani? Ni kwa mlango, ama ni kabla ya mlango?"

Tryphena akacheka katikati ya machozi. Akamweleza: wa kwanza majani yalipoanza, wa pili hakumbuki, wa tatu hatua ziliposimama. Shanice akamfanya arudie hilo la tatu mara mbili. Alikuwa ameng'ang'ania, akasema, ile hatua isimame sekunde tisa, na kila rafiki yake akamwambia tisa ni nyingi.

"Tisa ni sawa," Tryphena akasema. "Lakini ile ya basi nilisema kweli, na siifuti. Msichana hawezi kumkimbia babu yake moja kwa moja. Hata fuvu hakulirudisha."

"Sikujua angefanya nini," Shanice akakiri. Akatazama chini, pale udongo ulipokuwa bado na alama za maji. "Sikujua kuna hii."

"Filamu hii itabaki hivyo," nyanya yake akasema kutoka kwenye ungo, na kumbe alikuwa akisikiliza kila kitu. "Ingine utaitengeneza vizuri zaidi. Tryphena, uliyasema mbele ya watu. Simu yako haina moto?"

Ilikuwa nao, chaji tele. Flashi ilikuwa salama kibandani, na ukumbi wa kanisa, Shanice akasema, haukuwa umechukuliwa na mtu. Tryphena akapanda kwenye jiwe la pembeni ambako mtandao hushika, akakohoa, akabonyeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko siku ile ya kwanza, maana kusema uongo kulikuwa kumemgharimu kidogo sana.

"Habari zenu. Ni Tryphena. Wiki iliyopita niliwadanganya. Nilikuwa na jambo langu la nyumbani, nikalimwagia filamu ya mtoto. Filamu ya Shanice ni ya kufumua mitatu, na ingekuwa mitano kama mwisho wake haungepanda basi. Nimetishika. Kama hamtaniamini tena, mna haki. Lakini msimwadhibu yeye. Jumamosi, ukumbi wa kanisa, mimi nitakuwa mlangoni."

Ujumbe ukaenda. Alama ya kutumwa ikatokea, na chini yake hapakuandikwa neno. Dakika moja ikapita, ikawa mbili. Shanice alikuwa amesimama chini ya jiwe, mikono ameifumbata kifuani, na Tryphena alihisi kwamba pengine amechelewa, kwamba watu walikuwa wakiulizana pembeni kama kuna filamu yoyote aliyowahi kuwaambia ukweli.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Kaloki.

"Saa ngapi?"

Kabla hajasoma vizuri ikatetemeka tena, Mutindi wa Mraru akiuliza kama watoto wanaruhusiwa, kisha mwingine kutoka Bomeni akitaka kujua kama kutakuwa na viti, maana yeye atatoka mbali. Tryphena akainama kutoka juu ya jiwe na kumpa Shanice simu, awajibu mwenyewe.